Watoto waliouawa kwa bunduki: Hesabu zisemazo nusu

Msomaji, ukisikia kwamba bunduki huua watoto wengi Marekani kuliko ajali za barabarani, uliza kwanza mtoto ni nani. Watafiti waliotangaza hivyo mwaka 2022, wakitumia takwimu za 2020, walihesabu walio na umri wa mwaka 1 hadi 19. Wapinzani walilalamika kwamba kijana wa miaka 19 si mtoto, tena wachanga wa chini ya mwaka mmoja wameachwa. Lakini hata ukiishia miaka 17, bunduki ilibaki ya kwanza.

Ubishi huo wa umri ni mwepesi. Tatizo zito limo katika hati ya kifo.

Chukua mvulana wa miaka minne anayeokota bastola ya babake chini ya mto, akafyatua, dadake akafa. Wewe utaiita ajali. Madaktari wengi wanaopasua maiti huko huandika "mauaji", kwani kwao neno hilo lina maana ya kifo kilicholetwa na mkono wa mtu mwingine, awe alikusudia au hakukusudia. Hati hiyo hufika CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, na ajali ikahesabiwa pamoja na mauaji ya majambazi.

Mwaka 2013 gazeti la New York Times lilichunguza vifo vya walio chini ya miaka 15 katika majimbo kadhaa. Liligundua kwamba karibu nusu ya ajali za bunduki hazikuandikwa kuwa ajali. Si jambo dogo hilo. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilikuwa kikitumia hesabu hizo ndogo kupinga sheria za kuwalazimisha wazazi kufungia silaha zao.

Jumla ya waliokufa haina shaka sana; jeraha la risasi halijifichi. Chenye shaka ni sababu, na kinga hutegemea sababu.

Kuna daftari lililo bora zaidi, lililoanzishwa na CDC mwaka 2002 na kufikia majimbo yote 50 mwaka 2018. Hilo huunganisha hati ya kifo, ripoti ya polisi na ya mchunguzi wa maiti, hata ikajulikana ni nani aliyefyatua, na bunduki ilikuwa imewekwa wapi.