Kabla ya kununua kichupa, vaa raba

Je, msomaji, umekuwa ukiamka usiku wa manane na kukosa usingizi hadi kuche? Chakula kimekosa ladha, na kazi uliyoipenda imegeuka mzigo? Ikiwa hali hiyo imedumu majuma mawili au zaidi, huenda si uvivu wala si kurogwa. Huenda ni mfadhaiko, ugonjwa unaotibika.

Mkazi wa Kimumu huwaona kila asubuhi wanariadha wakifanya mazoezi kando ya barabara ya Iten. Huhitaji kukimbia kama wao. Mwaka wa 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwachunguza wagonjwa 156 wa mfadhaiko wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Baada ya majuma 16, waliofanya mazoezi mara 3 kwa juma walikuwa wamepata nafuu sawa na waliomeza dawa, ingawa dawa ilianza kusaidia mapema. Anza na dakika 10 za kutembea kwa haraka. Ongeza polepole ufikie dakika 30, siku 5 kwa juma. Ikiwa umehamia Eldoret majuzi, usishangae ukihema. Mji huu uko juu ya mita 2,000.

Na vile vidonge vya mimea vinavyosifiwa kuwa vinatunza ubongo? Ginkgo ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, na mwaka wa 2008 ikabainika kuwa haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Fedha hizo afadhali ununue raba.

Kichupa cha kuogopwa ni kile kilichoandikwa St. John's Wort. Mmea huu huweza kupunguza mfadhaiko usio mkali, lakini hulifanya ini liziondoe dawa nyingine mwilini upesi. Mama mwenye kijiti cha kupanga uzazi anaweza kushika mimba. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi anaweza kuvipa virusi nafasi ya kuongezeka. Ukiuchanganya na dawa za mfadhaiko, unaweza kuhatarisha maisha. Basi nenda na kichupa chenyewe kliniki, umwonyeshe muuguzi, na usiache dawa ulizoandikiwa.

Ukianza kufikiria kujiua, usingoje mazoezi. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, akupeleke Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapo mjini.