Gari la Misioni: Ni Nani Atakayelitunza?

Katika parokia zetu nyingi za Kivu na Maniema gari ni moja tu, nalo hufanya kazi za magari kumi. Asubuhi humpeleka padri kusoma misa katika kanisa la mbali. Mchana huchukua saruji na vitabu vya shule. Usiku mtu huja kugonga mlango wa misioni, kwa kuwa mkewe ameshikwa na uchungu tangu jana. Gari likiwa zima, mama huyo atafika hospitali. Likiwa bovu, atabebwa kwa machela katika mvua. Basi, kulitunza gari si shauri la mafundi peke yao. Ni shauri la uhai wa watu.

Mapadri Weupe walipofika upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika mwaka 1880, walisafiri kwa miguu na kwa mitumbwi. Mwaka 1925, Padri Otto Fuhrmann alikufa katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Rafiki yake, Padri Paul Schulte, alihuzunika sana, lakini hakuishia katika machozi. Mwaka 1927 alianzisha huko Ujerumani chama cha MIVA, ili wamisionari wapate vyombo vya safari. Hata leo MIVA ya Austria huwaomba madereva, kila mwezi wa Julai, watoe sadaka ndogo kwa kila kilomita waliyokwenda bila ajali.

Magari yenyewe yalikuja baadaye. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa sababu chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita. Toyota wa Japani walitengeneza la kwao mwaka 1951, na mwaka 1954 wakaliita Land Cruiser. Ni magari yenye nguvu, lakini hakuna gari lenye nguvu kuliko uzembe.

Vya kulipatia gari

Wengine hudhani kwamba gari la porini lahitaji taa nyingi na mapambo. Sivyo. Kwanza, lipewe mipira mizuri yenye meno, na magurudumu mawili ya akiba. Kwa maana ukipasua mpira mmoja njiani kwenda Shabunda, wa pili waweza kupasuka kabla ya kufika. Pili, jeki imara pamoja na ubao mpana wa kuiweka chini, maana jeki bila ubao huzama topeni. Tatu, koleo, panga, kamba nene ya kuvutia, na mbao mbili za kutandika mbele ya magurudumu. Nne, pampu ya upepo, viraka, kichujio cha mazutu, mishipi ya injini, na maji safi. Tena kisisahauliwe kisanduku cha dawa.

Mizigo mizito ikae chini, karibu na katikati ya gari, nayo ifungwe. Mzigo mwingi juu ya paa huliyumbisha gari, na penye mteremko au kona hulipindua. Na abiria wa kupanda juu ya mizigo wakataliwe, hata wakinung'unika.

Tope, mchanga na maji

Mbele ya tope dereva mwema hushuka, akatazama kwa macho yake mwenyewe na kupima kina kwa fimbo. Kisha hutia gia za nguvu kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Penye mchanga mwingi hupunguza upepo wa mipira mpaka kama kilo 1 na nusu, ili mpira ulale na kukanyaga mahali papana. Akitoka, aurudishe upepo kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa gari. Mpira laini ukienda mbio huchemka na kupasuka.

Mtoni kuna hatari kubwa zaidi. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Injini ikivuta maji, pistoni huyagonga kama ukuta, na fimbo yake hupinda papo hapo. Ikizimika majini, isiwashwe tena. Gari livutwe nje kwanza. Baada ya kuvuka mto wenye kina, fundi apime mafuta ya gia: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, nayo yabadilishwe bila kukawia.

Kwenye lami

Gari lile lile hutumika pia mjini. Hapo wengi hukosea kwa kuacha magurudumu yote manne yavute juu ya lami kavu. Penye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Topeni huteleza kidogo, na hakuna madhara. Juu ya lami hayawezi kuteleza, na gia hubanana hata kuvunjika. Basi, ukifika kwenye njia ngumu, rudia magurudumu mawili, isipokuwa kama gari lako limetengenezwa kuvuta kwa yote manne daima. Na kwenye miteremko kama ile ya Ngomo, kati ya Nya-Ngezi na Kamanyola, shuka kwa gia ndogo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki.

Kazi ya kila siku

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pimeni mafuta ya injini na maji ya rejeta. Tazameni mipira, na chini ya gari kama kuna kinachovuja. Maji yaliyojitenga na mazutu yamwagwe. Wakati wa kiangazi, vumbi ni adui kuliko tope: kichujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara, la sivyo vumbi husaga injini kama mchanga katika jiwe la kusagia. Kwa njia zetu, mafuta ya injini yabadilishwe kila kilomita 5,000. Baada ya safari ya tope gari lioshwe chini, lipakwe grisi, na nati zote zikazwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini nani atalipa? Hapa twasema waziwazi. Wafadhili wa mbali wakitoa gari, mara nyingi hawatoi grisi yake. Kila safari iandikwe: siku, kilomita, mazutu, jina la aliyesafiri na alichotoa. Sehemu ya fedha iwekwe kando kwa ajili ya mipira na matengenezo, wala isiguswe kwa sherehe. Mali bila daftari huisha bila habari. Na mgonjwa asiye na kitu achukuliwe bure. Ndiyo maana mwenye afya hutozwa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kujipaka mafuta mikononi. Fizikia mnayojifunza darasani inakaa chini ya boneti ya gari hilo. Tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mapadri hubariki magari. Ni desturi njema. Lakini baraka haikazi nati iliyolegea: Mungu ametupa mikono kwa kazi hiyo.