Tiketi ya sehemu mbili kwa siku moja: piga hesabu kabla ya kubuki uShaka

Desemba ya Durban ina joto na matumizi. Saiti za ujenzi zinafungwa katikati ya mwezi, mabosi wa Berea wanasafiri au wanapokea wageni, watoto wako nyumbani, na kila anayepita ufukweni anarudi na wazo la uShaka. Hapo maswali yanaanza: tuchukue tiketi ya sehemu moja au ile ya sehemu mbili kwa siku moja? Tubuki sasa hivi kwenye simu au tulipe getini?

Sitakwambia usiende. Anayefua, kupika na kupiga zege mwaka mzima anastahili siku moja ya kukaa na watoto wake bila kufikiria kazi. Ninachotaka ni uende ukijua unanunua nini. Kwa familia nyingi za kwetu hii ndiyo siku moja yenye matumizi makubwa kuliko zote za mwaka, na inakuja wiki chache tu kabla ya ada za shule za Januari kule Tanzania na Kenya.

Unachonunua

uShaka Marine World ilifunguliwa mwaka 2004 pale Point, na ni mali ya manispaa ya eThekwini. Ndani kuna sehemu kubwa mbili zenye kiingilio. Sea World ni ya samaki na wanyama wa baharini: akwariamu iliyojengwa kwa mfano wa meli iliyozama, papa, pengwini, na maonyesho ya pomboo yanayofanyika kwa saa maalum. Wet 'n Wild ni ya maji: slaidi ndefu, mabwawa, na sehemu ya watoto wadogo. Kila moja ina tiketi yake, na ipo tiketi ya pamoja ya kuingia zote mbili siku hiyo hiyo. Tiketi ya pamoja huwa nafuu kuliko kununua mbili mbalimbali.

Sehemu ya maduka na migahawa, Village Walk, unaingia bure. Ufukwe ulio mbele yake nao ni bure.

Tiketi hii ilitengenezwa kwa mtalii

Mtindo wa kuhama sehemu hadi sehemu kwa siku moja umekuzwa na Disney kule Florida, Marekani. Wana bustani nne za burudani: ya kwanza ilifunguliwa 1971 na ya nne 1998. Mtu anaruka na ndege masaa kumi, analipa hoteli kila usiku, na pengine hatarudi tena maishani. Kwake yeye, kulipa zaidi ili aone bustani mbili au tatu kwa siku kuna maana.

Hata huko kanuni zimebadilika mara kadhaa. Walipofungua tena Julai 2020 baada ya kufungwa kwa korona, kila mgeni alitakiwa kubuki bustani moja kwa siku moja, na kuhama kulisimamishwa. Januari 2021 kuhama kuliruhusiwa tena, lakini kuanzia saa nane mchana tu. Januari 9, 2024, wenye tiketi za tarehe maalum hawakuhitaji tena kubuki bustani, na wenye tiketi ya kuhama wakaruhusiwa kuhama muda wowote. Aliyelipia tiketi ya kuhama wakati wa kanuni ya saa nane alipata nusu siku tu ya kuhama. Ndiyo maana kanuni zinasomwa kabla ya kulipa.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanayo hali kama hiyo pale Yas Island, Abu Dhabi: Ferrari World, Yas Waterworld, Warner Bros. World na SeaWorld, zote kisiwa kimoja, na tiketi za kuunganisha zinauzwa. Hesabu nitakazoonyesha hapa zinafaa kule pia.

Sasa rudi Durban. Wewe unayekaa Berea si mtalii. Unashuka na teksi hadi mjini, unachukua nyingine ya Point, umefika. Kurudi siku nyingine kunakugharimu nauli tu. Kwa hiyo swali lako ni tofauti na la mtalii. Jiulize: je, siku hii moja ina saa za kutosha kutumia kile ninacholipia?

Hesabu ya saa

Tuseme mageti yanafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na familia yako imefika saa tatu na nusu. Una saa saba na nusu. Toa dakika 45 za foleni ya getini siku ya sikukuu. Toa dakika 45 za kula. Toa nusu saa ya kubadilisha nguo, kutafuta loka na kukauka. Toa nusu saa ya vyoo, kutembea, na mtoto anayelia. Hiyo ni saa mbili na nusu. Zimebaki tano.

Sea World, ukiitembea bila haraka na ukaketi kuangalia onyesho moja la pomboo, weka saa tatu. Zinabaki mbili za maji. Foleni ya kila slaidi ikiwa dakika 25 au 30, umepata slaidi nne, basi. Kwa aliyelipia sehemu zote mbili kwa watu wanne, hizo ni slaidi ghali.

Siku ya kawaida katikati ya wiki, shule zikiwa wazi, picha inabadilika. Foleni zinapungua, saa mbili za maji zinakuwa slaidi nane au kumi, na tiketi ya pamoja inaanza kujilipa. Lakini kabla hujaomba ofu ya Jumanne, hakikisha sehemu zote mbili zinafunguliwa siku hiyo. Nje ya msimu, bustani za maji mara nyingi hupunguza siku zao. Ukinunua tiketi ya sehemu mbili siku ambayo moja imefungwa, umejifunga mwenyewe.

Hesabu ya randi

Bei zinabadilika, kwa hiyo hapa natumia bei za mfano tu. Weka za siku yako. Tuseme sehemu moja ni randi 250 kwa mtu, na mbili kwa pamoja ni randi 400. Watu wanne:

Sehemu moja: randi 1,000.
Sehemu mbili siku moja: randi 1,600.
Sehemu mbili kwa siku mbili tofauti: randi 2,000.

Mtu wa haraka atasema tiketi ya pamoja imeokoa randi 400. Ni kweli, kama mngeenda kote kote hata hivyo. Kama mngeenda sehemu moja tu na kuridhika, basi haijaokoa chochote, imeongeza randi 600. Kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini, kuanzia Machi 2025, kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Kwa kiwango hicho, randi 600 ni karibu saa 21 za kazi. Jiulize kama slaidi nne za jioni zina thamani ya saa 21 za kupiga pasi au kubeba matofali. Kwa mwingine jibu ni ndiyo, na hiyo ni haki yake. Muhimu ni kuuliza.

Halafu angalia nani hasa atatumia sehemu ya pili. Slaidi kubwa zina kipimo cha urefu, na mtoto asiyefika kipimo hapandi hata kama tiketi yake imelipwa. Mama mwenye mtoto mchanga atakaa kivulini na mikoba. Wote wanne si lazima wachukue tiketi ya aina moja: wawili wanaweza kuchukua ya pamoja na wawili ya sehemu moja, ilimradi kila mtoto awe na mtu mzima kila mahali.

Kubuki: tarehe yako, haki yako

Tiketi ya tarehe maalum ni mkataba. Sheria ya biashara ya mtandaoni ya mwaka 2002 inampa mteja siku saba za kughairi baadhi ya manunuzi ya mtandaoni, lakini huduma za burudani za tarehe maalum hazimo. Usibuki ukifikiri una wiki nzima ya kubadili mawazo.

Kinga yako iko kwenye Sheria ya Kulinda Wateja, namba 68 ya 2008. Kifungu cha 17 kinakupa haki ya kufuta nafasi uliyobuki. Muuzaji anaruhusiwa kudai amana ya kiasi na kukata ada ya kiasi ya kufuta. Kiasi hicho kinapimwa kwa aina ya huduma, umetoa taarifa mapema kiasi gani, kama muuzaji angeweza kupata mteja mwingine, na desturi ya biashara hiyo. Anayefuta wiki tatu kabla ana hoja nzuri kuliko anayepiga simu asubuhi ya safari. Na kama mtu aliyebukiwa nafasi amefariki au amelazwa hospitali, ada ya kufuta hairuhusiwi. Weka karatasi ya hospitali.

Kifungu cha 47 kinahusu kuuza kupita uwezo. Ukilipia nafasi, ukafika, ukaambiwa pamejaa, muuzaji anatakiwa kurudisha hela yako pamoja na riba, na kufidia gharama zilizotokana moja kwa moja na hilo, nauli kwa mfano. Kuna msamaha kwake kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wake na alichukua hatua za kukujulisha mapema. Kwa hiyo weka namba ya simu unayoitumia kweli unapobuki.

Vocha ya zawadi, ile ambayo bosi anakupa mwisho wa mwaka, ni jambo jingine. Kifungu cha 63 kinasema vocha iliyolipiwa haifi kabla ya miaka mitatu tangu itolewe, mpaka thamani yake yote itumike. Huna haja ya kuikimbiza Desemba; itunze uitumie Mei pakiwa kimya.

Na kuhusu tiketi za bei poa zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: picha ya tiketi inaweza kuuzwa kwa watu kumi, na getini anaingia aliyewahi. Nunua getini au kwenye tovuti yao wenyewe. Kama rafiki mwenye kadi ya benki ndiye anayekulipia, mwombe akutumie risiti yote, si picha ya msimbo peke yake.

Ukienda na watoto wa bosi

Dada nyingi wa Berea wanaingia uShaka wakiwa wamebeba begi la mtoto wa mwenye nyumba. Siku hiyo si matembezi, ni kazi, na saa zake zinahesabiwa. Kama unamfanyia kazi mwajiri huyo saa 24 au zaidi kwa mwezi, Jumapili isiyo ya kawaida yako inalipwa mara mbili. Kama Jumapili ni siku yako ya kawaida, mara moja na nusu. Siku za sikukuu za taifa, kama Desemba 16, 25, 26 na Januari 1, ukikubali kufanya kazi siku ambayo ingekuwa yako ya kazi, malipo ni angalau mara mbili. Tiketi yako anailipa yeye, na tiketi si mshahara. Andika saa ulizotoka na kurudi kwenye daftari lako.

Hela itoke wapi

Kwa mfano wetu wa sehemu moja, ongeza randi 400 za nauli na chakula: jumla randi 1,400. Ukiweka kibubu cha randi 200 kila mwezi kuanzia Mei hadi Novemba, imetimia bila kugusa mshahara wa Desemba. Hela ya Desemba ina kazi zake, na kwa fundi ujenzi hasa, malipo ya likizo ya katikati ya Desemba yanatakiwa yafike mwisho wa Januari. Kwanza tenga kodi ya Januari, halafu ada ya nyumbani, itume kabla ya msongamano wa sikukuu, ndipo ufungue kibubu.

Mwaka ambao kibubu hakijajaa, Berea yenyewe ina siku nzima ya watoto. Durban Botanic Gardens, iliyoanzishwa 1849, ni bustani ya mimea kongwe kuliko zote zilizobaki Afrika, na kiingilio ni bure. Mitchell Park, karibu na Florida Road, ina bembea, na kuona wanyama wake ni hela ndogo tu. Jioni mnashuka ufukweni. Siku za sikukuu manispaa huwafunga watoto vitambulisho mkononi ufukweni. Mfunge wako mara mnapofika, namba yako ya simu iandikwe, kwa sababu Januari 1 umati wa pale ni mkubwa na watoto hupotea.

Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi: tarehe, sehemu gani zimefunguliwa, nani anafika kipimo cha urefu, saa zilizobaki baada ya foleni, na ada ya kufuta. Mistari yote mitano ikijazwa na bado sehemu mbili zinakufaa, chukua tiketi ya pamoja bila wasiwasi. Mmoja ukibaki wazi, nunua ya sehemu moja. Ile nyingine mtaiona mwaka ujao.