Jasho Likikosa Njia

Swali limetoka Ruti, pembezoni mwa mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda: mtu anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu tangu asubuhi hadi jioni afanye nini ili joto lisimmalize?

Kwa anayeangalia kipimajoto peke yake, swali linaweza kushangaza. Mbarara iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida joto lake hucheza kwenye nyuzi 26 au 27. Hata Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika nyanda kavu za Isingiro, haina fukuto la Mombasa, sembuse Maskati ambako kiangazi hupita nyuzi 40. Lakini aliyeketi mchana kutwa anateswa zaidi na hewa nyingine, ile iliyobanwa kati ya ngozi yake na mto. Hiyo haijui kama nje ni Ruti au ni Maskati.

Mwili una njia nne za kutoa joto. Tatu tuziache. Ya nne ni jasho, na jasho linafanya kazi sawasawa na mtungi.

Mtungi wa udongo hauna umeme, lakini maji yake huwa baridi kuliko hewa ya chumba. Udongo una vinyweleo. Maji hupenya polepole, hulowesha tumbo la mtungi kwa nje, kisha hugeuka mvuke. Hayageuki mvuke bure. Kila tone linaloondoka huondoka na joto lililochukuliwa kwenye maji yaliyobaki ndani, tena joto jingi: gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba takriban kilojuli 2.4, karibu mara sita ya joto la kuitoa gramu hiyo kwenye ubaridi wa barafu hadi itokote. Uweke mtungi huo barazani penye upepo, utapoa upesi. Ufungie kabatini, hewa ya kabati itashiba mvuke na kupoa kutakoma. Upake rangi ya mafuta, vinyweleo vitaziba na maji hayatatoka kabisa. Uvishe mfuko wa nailoni uliokaza, maji yatapenya lakini yatakwama hapo hapo, yakiulowesha udongo bila kupoza chochote.

Mitungi yote minne imo kwenye kiti kimoja. Uso na mikono viko barazani. Mgongo ulioegemea turubai uko kabatini. Makalio juu ya mto wa rexin, ile ngozi bandia, yamo ndani ya nailoni. Na aliyeumia uti wa mgongo ana sehemu iliyopakwa rangi, kwani amri ya kutoa jasho hushuka kupitia uti, na neva zinazoibeba huchomoka kati ya pingili ya kwanza ya kifua na ya pili ya kiuno. Uti ukikatika shingoni, karibu mwili wote hukosa amri hiyo. Aliyepooza kwa polio ni tofauti: polio huharibu neva za misuli, lakini jasho lake hutoka kama la mtu mwingine yeyote. Watu wawili waliokaa kwenye viti vya aina moja, chini ya jua moja, wanaweza kuhitaji msaada usiofanana hata kidogo.

Wachezaji wa raga ya viti vya magurudumu, ambao wengi wao waliumia shingo, wanalijua hili vizuri. Mchezo ukisimama hujipulizia maji usoni na mikononi. Ni jasho la kuazima, na chupa ya kupulizia ya kinyozi inalitoa vilevile. Hesabu yake inapendeza. Mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Mililita 100 za maji, chini ya nusu glasi, zikikaukia zote kwenye ngozi, hubeba joto lake la dakika 40. Sharti ni zikaukie kwenye ngozi. Maji yanayotiririka hadi chini yanapoza vumbi. Kwa hiyo ukungu mwembamba unashinda kujimwagia, na ukavu wa Isingiro miezi ya Juni hadi Agosti, unaochukiwa kwa haki na wakulima, hapa ni msaada.

Chini ya makalio chupa haifiki, na huko ndiko kwenye hatari. Ngozi iliyoloa hulainika na kukwaruzika upesi. Zaidi ya hapo, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupandisha mahitaji ya oksijeni ya nyama kwa karibu asilimia 10, wakati ule ule mifupa ya kukalia imebana mishipa inayoileta. Kidonda kinaweza kuanzia ndani, kabla ngozi haijaonyesha kitu.

Dawa ya kwanza ni kuinama: kifua kielekee mapajani, makalio yapate hewa, na mtu akae hivyo kwa karibu dakika mbili, kwa sababu damu iliyozuiwa haijazi nyama kwa kuinuka sekunde kumi. Ya pili ni mto wenye njia za hewa. David Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, alionyesha namna ya kutengeneza mto kwa tyubu ya baiskeli, kitu ambacho fundi yeyote wa baiskeli anacho. Ya tatu ni kuvua rexin na kuvisha kitambaa kinachovutika na kupitisha hewa. Jezi ya mtumba yenye vitundu inafaa. Kitenge kilichokunjwa hakifai: mkunjo mmoja au mshono mnene chini ya mfupa unatosha kuchimba ngozi.

Joto jingine linatoka kwenye kusukuma kwenyewe. Kwa kila sehemu kumi za nishati ambazo mwili hutumia kuzungusha duara la gurudumu, takriban moja tu ndiyo inayokisogeza kiti, mara nyingi hata chini ya hapo, na zilizobaki hugeuka joto. Baiskeli ya mikono, ile ya magurudumu matatu yenye pedeli kifuani, haipotezi kiasi hicho. Kwa safari ndefu za barabara ya muramu kama zile za Nakivale, hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza, na kiti kibaki kwa ndani na kwa foleni, kikiwa na mwavuli uliofungwa kwenye fremu.

Turudi kwenye mto: ule wa sponji ukifuliwa ukaushwe kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huila sponji ikawa unga, na sponji iliyolegea huacha mifupa igonge ubao wa kiti.