UZITO SI KAMA MCHANGO: KILA MTU ANA KIPIMO CHAKE

Katika vikundi vyetu tumezoea usawa. Kama mchango ni shilingi mia mbili, basi ni mia mbili kwa kila mtu, awe mwalimu, awe mkulima. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini kikundi kinapoanza kuzungumza habari za uzito wa mwili, ni rahisi kutumia utaratibu huo huo na kusema: "Kila mwanachama apunguze kilo kumi kabla ya Krismasi." Hapo kuna shida. Kilo kumi zinazomsaidia mama mmoja zinaweza kumlaza mwenzake hospitalini.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu anavyoweza kuchagua uzito unaomfaa yeye mwenyewe, na kikundi kinavyoweza kumsaidia.

Je, jambo hili linatuhusu?

Ndiyo, linatuhusu. Zamani tulidhani unene ni habari ya watu wa mjini na matajiri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2008-2009 ulionyesha kwamba mwanamke 1 kati ya 4 nchini Kenya (wenye miaka 15 hadi 49) alikuwa na uzito uliozidi. Kufika mwaka wa 2014 alikuwa 1 kati ya 3. Lakini mwaka huo huo wa 2014, wanawake 9 kati ya 100 walikuwa wamekonda kupita kiasi.

Sasa fikiria kikundi cha kina mama thelathini. Kama kingefanana na hesabu ya mwaka huo, kumi wangekuwa wazito kupita kiasi na wawili au watatu wangehitaji kuongeza kilo. Wote wanaketi kwenye benchi moja. Ukiwapa lengo moja, utamuumiza mmoja wao.

Maneno ya watu

Kuna jambo lingine linalotuzuia. Ukimwi ulipoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, wagonjwa walikonda sana, hata jirani zetu wa Uganda wakauita Silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Tangu wakati huo mtu akipungua kidogo tu, watu hunong'ona ati "ameanza." Wengi wenye presha au kisukari huambiwa kliniki wapunguze uzito, lakini wanaogopa macho ya jirani kuliko ugonjwa wenyewe.

Na bado wako wanaosema mume akimtunza mke vizuri, mke hunenepa. Ndugu msomaji, jirani hawezi kuona presha yako kwa macho. Uzito unaokufaa hautokani na maneno ya sokoni, unatokana na vipimo.

HATUA YA 1: Jua urefu wako na kilo zako

Nenda zahanati upimwe urefu na uzito bila viatu. Halafu tazama orodha hii ya watu wazima, wanawake kwa wanaume:

Urefu sm 150: kilo 42 hadi 56
Urefu sm 155: kilo 45 hadi 60
Urefu sm 160: kilo 48 hadi 63
Urefu sm 165: kilo 51 hadi 68
Urefu sm 170: kilo 54 hadi 72
Urefu sm 175: kilo 57 hadi 76
Urefu sm 180: kilo 60 hadi 80

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huo huo, kisha ugawanye kilo zako kwa jibu ulilopata. Hospitalini wanaiita BMI. Jibu likiwa chini ya 18.5, umekonda mno. Kutoka 18.5 hadi 24.9, uko sawa. Kutoka 25 hadi 29.9, umezidi. Kutoka 30 kwenda juu, ni unene wa kuleta madhara.

Ona kwamba orodha haikupi kilo moja tu. Inakupa nafasi pana. Mama wa kilo 50 na mama wa kilo 62, wote wa urefu wa sm 160, wote wako sawa. Hakuna sababu ya mmoja kumwonea mwenzake wivu.

HATUA YA 2: Kipimo cha kamba

Mizani haijui tofauti ya mafuta na misuli. Mwanamume anayevunja mawe anaweza kuwa mzito kwa sababu ya misuli. Mwingine ana kilo za kawaida lakini tumbo limemtangulia. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta hatari zaidi ya kisukari na ugonjwa wa moyo.

Kwa hiyo chukua kamba isiyovutika. Simama wima, mwenzako akate kamba yenye urefu sawa na wako, kutoka utosini hadi kisiginoni. Ikunje mara mbili. Sasa izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kama ncha zinakutana bila kubana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili njema. Zisipokutana, tumbo limezidi hata kama kilo ziko sawa.

Kipimo hiki hakina gharama, na kinaweza kufanyiwa nyumbani.

HATUA YA 3: Pima presha na sukari

Mtu mwenye uzito uliozidi kidogo, na presha na sukari ziko sawa, hana haja ya kuhangaika sana. Kwake lengo zuri laweza kuwa kutoongeza kilo nyingine. Lakini mwenye presha ya juu ana sababu kubwa ya kupunguza.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, zungumza na daktari kabla ya kupunguza chakula. Ukila kidogo na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno hata ukazimia.

HATUA YA 4: Chagua lengo dogo la kwanza

Tuchukue mfano. Mama ana urefu wa sm 160 na kilo 82. Mita 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Ukigawanya 82 kwa 2.56 unapata 32. Orodha inasema asizidi kilo 63. Ukimwambia apunguze kilo 19, atakata tamaa kabla ya mwezi kwisha.

Basi aanze na kilo 5 katika kila 100 alizo nazo. Kwake hizo ni kama kilo 4, yaani afike 78. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, ni kazi ya miezi miwili. Akifika, apumzike hapo, apimwe presha tena, kisha aamue kama ataendelea hadi 74.

Je, kilo chache hivyo zina faida? Zina faida kubwa. Mwaka wa 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja liliambiwa lilenge kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya zoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58, ukilinganisha na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mama wetu wa kilo 82, asilimia 7 ni karibu kilo 6 tu.

Wapi pa kupunguzia? Usianze na mboga wala maharagwe. Anza na mafuta na sukari. Anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko kumi na vitano vya sukari kabla ya kuhesabu soda. Punguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, pima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina, na safari fupi nenda kwa miguu badala ya bodaboda.

WASIOPASWA KUPUNGUZA

• Mama mjamzito. Mwenye uzito wa kawaida anatakiwa kuongeza kati ya kilo 11 na 16 katika mimba yote.
• Watoto na vijana wanaokua. Orodha iliyo juu si yao.
• Aliye chini ya kipimo. Lengo lake ni kuongeza, kwa uji wenye maziwa au njugu, mayai, maharagwe na parachichi.
• Anayekonda bila kukusudia. Huyo asipongezwe! Kama ana kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu nyingi au kukojoa mara kwa mara, aende hospitali mara moja. Inaweza kuwa kifua kikuu au kisukari.

KAZI YA KIKUNDI

Msitangaze kilo za mtu mkutanoni, wala msitoe zawadi kwa aliyepungua zaidi. Zawadi kama hiyo huwafanya watu kushinda njaa au kununua dawa za kukondesha zisizojulikana. Badala yake, mwalikeni mhudumu wa afya wa jamii siku ya mkutano, apime kila mtu faraghani. Kila mmoja aandike lengo lake kwenye daftari lake mwenyewe. Jipimeni mara moja kwa mwezi, kwa mizani ile ile na wakati ule ule wa siku, maana mwili hubadilika kilo moja au mbili kwa maji na chakula tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

(Mnaweza kuanza kwa kusoma 1 Wakorintho 6:19-20.)

1. Hapa kwetu watu husema nini mtu akinenepa? Akikonda je?
2. Maneno hayo yamemzuia nani kwenda kupimwa?
3. Katika chai na vyakula tunavyopika siku ya mkutano, ni nini tunaweza kupunguza kuanzia mwezi huu?
4. Tutamsaidiaje mwenzetu anayehitaji kuongeza kilo, wakati wengine wanapunguza?