Gunia Moja Lililoandikwa Sitini na Manne

Tuchukue mfano wa mkulima anayefika na gunia moja la kahawa kwenye ghala huko Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria. Anamwambia mtunza ghala kwamba ameleta magunia 64. Mtunza ghala hahesabu. Anaandika 64 daftarini. Kesho yake mkulima anadai mali yake, naye anakabidhiwa magunia 64: moja lake, na 63 ya jirani zake.

Kosa la namna hiyo ndilo lililoingia katika OpenSSL, programu inayotumiwa na seva nyingi duniani kugeuza habari kuwa fumbo zinaposafiri katika intaneti. Lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012, likatangazwa tarehe 7 Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed, yaani moyo unaovuja damu. Neel Mehta wa Google aliligundua, na wataalamu wa kampuni ya Codenomicon ya Finland nao wakaligundua kwa njia yao.

Je, lilifanyaje kazi? Kompyuta mbili zinapowasiliana, moja huweza kutuma neno fupi na kutaja urefu wake, ili irudishiwe neno lilelile na kujua kwamba mwenzake angali hai. Urefu huo huandikwa kwa biti 16, hivyo hauwezi kuzidi 65,535. Mdanganyifu alituma baiti moja akataja maelfu. Seva haikulinganisha, ilirudisha baiti ile pamoja na yote yaliyokuwa jirani yake katika kumbukumbu: maneno ya siri ya watu, na hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kwa kawaida wizi huo haukuacha alama. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 ziliibwa.

Tiba yake ilihitaji utaratibu: kwanza kurekebisha programu, pili kubadili funguo za seva, ndipo watumiaji wabadili maneno yao ya siri. Aliyetangulia kubadili neno lake aliliweka jipya katika ghala lilelile lisilohesabu.

Wanafunzi wazingatie kwamba hisabati ya fumbo haikushindwa. Kilichokosekana ni ulinganisho mmoja tu: je, urefu uliotajwa ni sawa na urefu uliopokelewa? Msimbo ulikuwa wazi kusomwa na yeyote, lakini ilipita miaka miwili kabla ya kosa kutangazwa. Hapana budi, basi, yeyote aandikaye programu ahesabu mwenyewe magunia anayoletewa.