Kuficha Jina Hakutoshi

Ndugu wanafunzi, nanyi wenzangu mliosoma hapa zamani, Mhariri ameniomba nieleze kidogo juu ya kazi yangu ya kuandika habari. Nimechagua kueleza kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari ya mtoto aliyedhulumiwa na mtu mzima hapa Busia, upande wa Kenya. Jina lake sikulitaja, nikajiona nimefanya vema. Lakini nilitaja darasa lake, kijiji chake na kazi ya baba yake. Siku ya tatu nilikuwa sokoni Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mama mmoja muuza mboga akanitajia jina la yule mtoto. Nikamwuliza, "Umelijuaje?" Akanijibu, "Kwani kijiji kile kina mafundi cherehani wangapi?"

Kumbe nilificha jina, nikaacha nyayo. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili; mpaka huzuia mizigo, hauzuii maneno. Wazazi walikuwa wamempeleka mtoto kwa shangazi yake karibu na Tororo apate kutulia, lakini habari yangu ilimtangulia. Alichekwa shuleni hata akakataa kwenda. Alidhulumiwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa kalamu yangu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, uliokubaliwa na Kenya na Uganda mwaka 1990, wasema mtoto ana haki ya kutoingiliwa siri zake. Nayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 ilikataza kutangaza, katika kesi imhusuyo mtoto, jina lake, makao yake, shule yake, habari za wazazi na jamaa zake, hata picha yake. Sheria ya mwaka 2022, iliyoshika mahali pake, nayo yalinda siri za mtoto.

Je, tunyamaze? La! Ukimya humfaa mdhalimu. Mwandishi aeleze kosa lililotendwa, aseme kama polisi na korti wanafanya kazi yao au wanachelewa. Lakini kila neno aliulize: je, jirani akilisoma atamjua mtoto? Mshtakiwa akiwa ni jamaa wa mtoto, kumtaja yeye ni kumtaja mtoto.

Haya si ya waandishi peke yao. Leo kila mwenye simu ni mtangazaji. Ukiletewa picha ya mtoto aliyeumizwa, usiipeleke kwa mwingine. Mweleze mwalimu unayemwamini, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto katika Kenya na Uganda pia.

Gazeti lile lilikwisha kufungiwa maandazi siku nyingi. Mtoto yule bado anaishi na maneno yake.